Nimetuma, Lakini Imefika?

Mtu wa Butembo akimtumia ndugu yake wa Beni pesa kwa simu, husema "Nimetuma", kisha huuliza, "Imefika?" Kiambishi ni- kinamhusu mtumaji; i- kinahusu pesa zenyewe. Uzito wa tofauti hiyo nimeuelewa vizuri zaidi mbele ya kompyuta.

Skripti yangu ya Python husoma maandishi mstari kwa mstari, hutenga maneno ya Kinande na ya Kiswahili, kisha huyapeleka kwa programu nyingine inayoyahesabu. Nikiiendesha peke yake, kila mstari hutokea kwenye skrini palepale. Nikiiunganisha na ile programu ya pili, kimya. Haijakwama. Python ikiona inaandikia programu nyingine, huweka maneno kwanza kwenye bafa, yaani ghala dogo la kumbukumbu, mpaka lijae. Katika matoleo mengi ya Python yaliyotangulia lilibeba baiti 8192: mistari 200 hivi yenye herufi 40. Ni kama taksi ya Beni, haiondoki mpaka viti vijae, wakati pikipiki huondoka na abiria mmoja.

Kungoja huko kuna maana. Kila safari ya data ina gharama yake, na mzigo mmoja hubebwa kwa urahisi kuliko vifurushi 200. Programu ikimaliza kazi vizuri, humwaga yote yaliyobaki. Lakini umeme ukikatika katikati, yaliyomo ghalani hupotea, ingawa skripti ilishasema "nimetuma".

Kwetu jambo hili tunalijua hata nje ya kompyuta. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu zaidi ya 2200 kabla ya kutangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, na Beni na Butembo ziliumia sana. Kila aliyemgusa mgonjwa alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21. Jina lake likingoja orodha ijae ndipo lipelekwe, siku zake zinapita bila mtu kumtembelea.

Dawa ya skripti ni fupi: kuiendesha kwa python -u, au kuandika flush=True ndani ya print. Kazi ya kuhesabu kitabu kizima usiku naiacha ingoje, maana hakuna anayeisubiri. Palipo na mtu upande wa pili, kila mstari na uondoke peke yake, kama abiria wa pikipiki. Kusema "imefika" ni haki ya anayepokea.