Nilidhani Ana Nyumba Ndogo, Kumbe Anasoma

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe. Kwa miezi mitatu ya mwaka 2024 nilikuwa na hakika kabisa kwamba mume wangu ana nyumba ndogo.

Dalili zote zilikuwepo. Kila Jumanne na Alhamisi alikuwa anafunga mapema duka lake la kutengeneza simu pale Kariakoo, lakini nyumbani anaingia saa tatu na nusu usiku. Nikiuliza, mara foleni, mara mteja msumbufu. Hela ya matumizi ikaanza kupungua. Nikamsimulia shoga yangu mmoja, naye akanijibu kwa sauti ya mtu aliyeyaona mengi, "Dada, mwanaume hachelewi bure."

Basi usiku mmoja, yuko bafuni, nikapekua begi lake. Nilitegemea kukuta risiti ya gesti. Nikakuta daftari kubwa, na ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake, umeandikwa: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, samawati.

Nikasema moyoni, leo ndio leo. Mwanamke anachaguliwa mpaka rangi za kanga!

Nikafunua ukurasa wa pili. Kanuni za umeme. Wa tatu, hesabu. Nyuma kabisa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya mwaka 2023, ikimjulisha kwamba hakufaulu usaili wa mchujo wa wanagenzi wa kutunza mitambo ya mawasiliano ya umeme.

Alipotoka bafuni alinikuta nimekaa kitandani, daftari mapajani. Hakukasirika. Alikaa pembeni yangu akanieleza. Zile rangi 12 ndio mpangilio wa nyuzi za fiba ndani ya kebo, na fundi lazima azijue kwa kichwa. Jumanne na Alhamisi alikuwa kwenye masomo ya jioni, na hela iliyopotea ilikuwa ada.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia, mama. Mwaka jana, kwa dada yako. Ulicheka."

Hapo nikakumbuka. Tulikuwa mezani, akasema kuna kampuni inatafuta wanagenzi na anafikiria kujaribu. Mimi, kwa kutaka kuchangamsha watu, nikadakia, "Jamani, mimi nina digrii ya mawasiliano, mume wangu anataka kupanda nguzo!" Meza nzima ikacheka. Na yeye alicheka. Kazi yangu ni uhariri. Nalipwa mshahara kuliona neno linaloumiza kabla halijachapwa. Lile nililipitisha bila hata kulisoma mara mbili.

Hebu nikueleze kazi yenyewe, maana hata mimi nilikuwa siijui. Wengi tunadhani nyaya za umeme zinabeba umeme tu. Kumbe vituo vya umeme vinaongea. Umeme wa bwawa la Kidatu, lililoanza kuzalisha mwaka 1975, au wa Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi mwaka 2024, unasafiri mamia ya kilomita kufika Dar es Salaam. Njiani mti unaweza kuangukia waya, au radi ikapiga. Ikitokea hivyo, mtambo wa upande mmoja unatakiwa kumwambia mwenzake wa upande wa pili "kata!", na yote hayo yaishe ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ujumbe ukichelewa, mitambo inaungua na miji inaingia gizani.

Ujumbe unapita wapi? Sehemu nyingi unapita kwenye waya wa juu kabisa wa minara ya umeme, ule wa kukinga radi, ambao ndani yake kuna nyuzi za fiba. Hata Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unatumia nyuzi za namna hiyo. Sehemu nyingine mawimbi yanapitishwa kwenye waya uleule wa umeme, au yanarushwa kwa madishi kutoka mnara mmoja hadi mwingine, mara nyingi juu ya kilima. Kuna mtu lazima avitunze vyote hivyo. Huyo ndiye mume wangu alitaka kuwa.

Sifa zenyewe si za mchezo. Kwenye tangazo lile walitaka kidato cha nne chenye ufaulu wa fizikia na hesabu, cheti cha umeme au elektroniki na leseni ya udereva, kwa sababu vituo viko mbali na hakuna daladala ya kwenda kilimani. Baada ya hapo kuna mtihani wa kuandika, mtihani wa vitendo, vipimo vya macho kuhakikisha hauchanganyi rangi, na mwisho kupanda mnara.

Mikono ya mume wangu haina shida. Anabadilisha sistimu ya chaji ya simu huku anapiga stori. Kilichomwangusha mwaka 2023 ni karatasi, hasa desibeli. Tukakubaliana: Jumanne na Alhamisi anakwenda darasani waziwazi, siku nyingine mtoto akilala mimi ndio msimamizi wa mtihani.

Fizikia niliiacha sekondari. Lakini digrii yangu ilinifundisha swali moja: una maana gani? Kila akisema jambo nisilolielewa, nilimwambia anieleze kama ananiandikia makala. Siku ya kwanza alishindwa, akarusha kalamu. Wiki ya pili akanijia na mfano. "Mama, chukua mshahara wako. Ukikatwa nusu, umepoteza desibeli 3. Ukikatwa nusu tena, zimekuwa 6, na umebaki na robo. Ukibaki na sehemu moja ya kumi, hizo ni 10." Nikampa swali: fiba ya kilomita 100 inapoteza desibeli 0.2 kwa kila kilomita, kinachofika ni kiasi gani? Akafikiria kidogo. "Desibeli 20. Sehemu moja ya mia." Nilimpigia makofi mpaka mtoto akaamka.

Rangi tulijifunza kwa penseli za mtoto. Yule binti wa miaka sita alizishika zote 12 kabla ya baba yake. Alijifunza pia kwamba ncha ya fiba haichunguliwi hata siku moja, kwa sababu mwanga wake jicho haliuoni lakini unaweza kuliunguza.

Mtihani wa kuandika akafaulu. Wa vitendo akafaulu. Macho yakawa salama. Ikabaki kupanda mnara.

Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala. Kama saa nane hivi akaniambia gizani, "Naogopa kupanda. Tangu mdogo. Hata mwembe sikuwahi." Miaka minane ya ndoa na sikuwahi kulisikia hilo. Safari hii sikucheka. Nikamwambia na mimi naogopa. Naogopa kodi ya nyumba, kwa sababu posho ya uanagenzi haifiki nusu ya anachopata dukani mwezi ukiwa mzuri. Na nikaongeza lililonikaa kooni siku nyingi: naogopa watu watasema mhariri mzima ameolewa na mwanafunzi.

Kimya. Halafu akasema, "La kodi tulipigie hesabu. La watu sina dawa yake." Tukawasha taa, tukapiga hesabu mpaka alfajiri. Duka atasimamia mdogo wake. Gari dogo linauzwa. Asubuhi akaondoka na macho mekundu.

Saa tano simu ikaita ofisini. Alisema neno moja tu: "Nimeshuka." Nikaenda kulilia chooni.

Sitakudanganya kwamba sasa mambo ni mteremko. Napanda daladala. Yeye ana miaka 36 na anakaa darasani na vijana wa miaka 22 wanaomwita mzee. Kuna usiku analala porini na mimi nalala na hesabu za mwezi. Lakini akirudi ananisimulia, na mimi nasikiliza.

Siku moja nilimuuliza mitambo yao inafanyaje kazi umeme ukikatika. Akanionyesha picha ya chumba kilichojaa betri zinazotoa volti 48. Mawasiliano, akasema, hayategemei njia yanayoilinda. Njia ikilala, ndio kwanza watu wanahitaji kuongea. Ila betri zenyewe zinapimwa mara kwa mara, hata kama taa zote zinawaka, kwa sababu siku ya giza huwezi kuanza kuzitafutia chaji.

Sisi nyumbani hatukuwa tumezipima. Nilikuwa tayari kupekua begi kabla ya kuuliza swali, na yeye alikuwa tayari kusingizia foleni kuliko kuchekwa tena.

Msomaji wangu, mwenzio aliwahi kukwambia jambo ukalicheka mbele za watu? Inawezekana hajaliacha. Inawezekana analifanya Jumanne na Alhamisi, peke yake. Muulize leo, na akianza kukueleza mambo usiyoyajua, vuta kiti.