Karai la mjomba

Nilikuwa na miaka tisa. Mjomba alinishusha korongoni kule Nzega, maji yakanifika vifundoni, akaanza kutikisa karai. Mchanga mwepesi ukatoka na maji, ukabaki ule mweusi, mzito, na punje mbili za njano. "Dhahabu ni mvivu," akasema. "Maji yakichoka kidogo tu, inakaa chini."

Jiolojia niliyoisoma baadaye haikumpinga. Miamba ile ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mawe meupe yenye dhahabu yanabomoka, mvua inayaburuta mpaka kijitoni, na kwenye kona, mkondo unapopoa, kizito kinazama. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita nchi hii na pembe za ndovu mabegani, utajiri mwingine uko chini ya nyayo zao. Mwaka 1916 Wajerumani, vita vimewabana, walitengeneza Tabora sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Wakazichora nini? Tembo!

Haya nimeyaandika magazetini mara nyingi. Sijawahi kuandika kwamba mjomba alikuwa akichanganya ule mchanga na zebaki, halafu anaichoma jikoni kwenye kijiko, sisi watoto tumemzunguka tukisubiri ing'ae.

Siku hizi chai anainywa kwa mrija. Mwezi uliopita nilimwomba anionyeshe tena namna ya kuosha. Akalishika karai, maji yakamwagika yote.

"Unaona," akasema, "sasa linajitikisa lenyewe."

Shangazi hakucheka. Alilichukua, akaenda kulianikia mihogo.