Usiku Mmoja katika Hoteli ya Reli, Dodoma

Ndugu msomaji, iwapo safari zako zitakufikisha Dodoma, nawe una fedha kidogo ulizojiwekea kwa ajili ya mapumziko ya familia, usiyakimbilie upesi majengo marefu ya vioo yaliyochipuka tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016. Nenda kwanza mjini kati, hadi kwenye stesheni ya zamani ya gari moshi. Karibu nayo utaiona nyumba kongwe yenye ua mpana wa maua ndani yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa Hoteli ya Reli, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa jina la New Dodoma Hotel. Humo ndimo nilimolala pamoja na mama yangu mzazi, usiku mmoja wa mwezi wa Julai.

Nyumba hii ni mtoto wa reli, kama ulivyo mji wenyewe. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Vitabu hutaja jina la kampuni iliyopewa kazi hiyo, Philipp Holzmann. Lakini waliochimba tuta na kubeba vyuma juani walikuwa Waafrika kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, na majina yao hayakuandikwa popote. Mwezi wa Julai mwaka 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliuteka mji. Nafaka na ng'ombe wa Wagogo vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na majeshi ya pande zote mbili, na mvua ilipokosekana ikafuata njaa ambayo wazee wa Ugogo waliiita Mtunya. Wakati wa Waingereza hoteli za namna hii zilikuwa za maofisa na wasafiri wao. Katika miaka ya 1930 hata ndege zilizotoka London kwenda Cape Town zilitua Dodoma.

Sasa nikueleze kwa nini nilimchukua mama. Marehemu baba alikuwa mtu wa genge, yaani kikosi cha kutengeneza njia ya reli. Kazi yake ilikuwa kubadili mataruma na kukaza misumari, jua la Dodoma likimchoma mgongo. Alipita mbele ya hoteli hiyo asubuhi na jioni kwa miaka isiyopungua ishirini, kabla ya Uhuru na baada yake. Hakuingia hata mara moja. Baada ya mwaka 1961 hakuna aliyemkataza. Yeye mwenyewe hakujaribu. Nilipomwuliza sababu, nikiwa kijana, alinijibu kwamba viatu vyake vilikuwa na grisi.

Tulipofika mlangoni mama alisimama. Akaiangalia kanga yake, akaikung'uta vumbi, kisha akaikung'uta tena. Kijana wa mapokezi alimwona, akatoka nyuma ya meza yake na kumwamkia kwa Kigogo: "Mbukwenyi, Bibi!" Mama akaitikia, akaingia.

Nyumba za kale zinapotengenezwa upya huharibiwa mara nyingi kwa wingi wa mapenzi. Mahali pengi nimeona mbao za zamani zikifichwa chini ya rangi ya mafuta, na madirisha mema yakizibwa ili kupitisha mashine za kupoza hewa. Hapa mambo mengi ni mapya, wala sitakudanganya kwamba utalala kama abiria wa mwaka 1930; lakini ule ua wa ndani umeachwa, nao ndio roho ya nyumba. Ukiketi humo jioni, upepo mkavu wa Ugogo ukivuma mitaani na kurusha mchanga, husikii ila majani. Basi omba chumba kinachotazama ua, kwa kuwa vile vya upande wa barabara vina kelele. Chukua na sweta, kwa maana mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai si ya mzaha. Na Bunge linapokutana, hasa katika miezi ya bajeti, usiende kabla ya kuweka nafasi.

Bei yake inajumlisha malazi na chai ya asubuhi. Kwa mfanyakazi wa mshahara si bei ya kila mwezi, nami nilijinyima kwanza. Mama alipotajiwa kiasi hicho alisema, "Baba, kwa fedha hizo si tungepaua jiko?" Sikuwa na jibu, na hata leo sina hakika kwamba nilikuwa na haki.

Usiku wa manane nilishtuka, nikamkuta ameketi kitandani gizani. Honi ya gari moshi ilikuwa imelia stesheni. Reli mpya ya umeme imekuwa ikileta abiria Dodoma tangu mwaka 2024, lakini honi hii ilikuwa ya njia ile ya zamani, njia ya baba. "Limechelewa," akasema, kana kwamba ratiba ya siku zile ingali mikononi mwake. Kisha akaanza kunisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: jinsi baba alivyoitwa usiku mvua ilipokata tuta, naye akibaki kuhesabu honi ili ajue kama njia imefunguka, na kwamba siku moja alirudi akamwambia kuwa ndani ya hoteli ile kuna taa zisizozimwa hata kukipambazuka.

Asubuhi nilimkuta ametandika vitanda vyote viwili, ingawa nilimweleza kuwa iko kazi ya mtu. Mhudumu alipotuletea chai, mikate na mayai, mama alimwomba atuhamishie meza mahali ambapo stesheni inaonekana. Akaiangalia kwa muda mrefu. Kisha akanionyesha kwa kidole upande ambako genge lilikuwa likiweka vyombo vyake vya kazi, akamwita yule mhudumu na kuagiza kikombe cha pili.