Mwana wa Mti na Pweza wa Mikono Sita

Anayetoka Kibaha kwa njia ya Mlandizi, akapita Mzenga hadi Maneromango wilayani Kisarawe, hukatiza nchi ya Wazaramo, na katika nchi hiyo mti haukuwa kuni na nguzo tu. Mafundi wa huko walichonga mwana hiti, kinyago kidogo kinachoshikika kwa kiganja: kiwiliwili kilichonyooka kama mchi, kitovu, dalili ya matiti, na kichwa chenye nywele zilizopandishwa pande mbili. Mikono hana, miguu hana. Mwali alipowekwa ndani alikabidhiwa mwana huyo amlee. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtunza nywele kama mama atunzavyo mtoto. Asiyejua atasema ni mwanasesere. Lakini mwanasesere huchezewa akatupwa, ilhali mwana hiti alikuwa na haki ya kuhudumiwa kila siku, na uhai wake ulikuwa ndani ya huduma hiyo.

Ni nadra kinyago hiki kutajwa pamoja na filamu za kubuni za kisayansi, zile za viumbe watokao sayari nyingine na majitu yaibukayo baharini. Hata hivyo, kabla ya kompyuta, wengi wa viumbe hao walipewa uhai kwa njia isiyo mbali na ya mwali. Fundi alitengeneza kikaragosi chenye mifupa ya chuma na viungo vya kupinda, akakivika ngozi ya mpira. Alikiweka mbele ya kamera, akapiga picha moja. Akausogeza mkono wake kiasi cha punje ya mchele, akapiga nyingine. Picha 24 hupita katika sekunde moja, na jicho hudanganyika. Mwenye kuhesabu mizani ataelewa upesi: mizani moja ikipungua, sikio hujikwaa, picha moja ikikosewa, jitu hushtuka bila sababu. Ila mshairi aweza kuufuta mstari akaanza upya. Fundi wa vikaragosi akiteleza jioni, kazi ya tangu asubuhi imekwenda na maji.

Bingwa wa kazi hii alikuwa Ray Harryhausen, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki 2013. Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliiona King Kong, filamu ya 1933 ambayo sokwe wake alihuishwa na Willis O'Brien, na tangu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine moyoni. Baba yake alimtengenezea mifupa ya chuma, mama yake akamshonea vikaragosi nguo. Mwaka 1955, katika It Came from Beneath the Sea, alimtoa baharini pweza mkubwa aliyeamshwa na majaribio ya mabomu, akauvamia mji wa San Francisco. Mtu wa visiwani akimtazama pweza huyo kwa utulivu atahesabu mikono sita. Fedha hazikutosha minane! Miaka miwili baadaye, katika 20 Million Miles to Earth, alimleta kiumbe wa sayari ya Zuhura, aliyefika akiwa bado hajaanguliwa, akakua haraka kupita kiasi, akauawa Roma juu ya kuta za Koloseo. Kiumbe hasemi hata neno moja. Lakini namna anavyogeuza shingo, namna anavyosita, humfanya mtazamaji amhurumie kuliko binadamu wanaomfukuza. Wahenga walisema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakitishi. Hawakusema kwamba chaweza kuliza.

Katika King Kong manyoya ya sokwe hutikisika ovyo, kana kwamba upepo unayapitia ambapo upepo haupo. Yalikuwa manyoya ya sungura, na vidole vya fundi viliyavuruga kila alipokigusa kikaragosi. Mwana hiti aliyetumika naye ana alama yake: weusi unaong'aa, wa mafuta na viganja. Wakusanyaji wa Ulaya huuthamini sana mng'ao huo. Wananunua mguso wa wasichana ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Mwaka 1993 ilitoka Jurassic Park. Phil Tippett, fundi mkubwa wa vikaragosi, alikuwa ameandaliwa kuwahuisha dinosaria, hadi alipooneshwa majaribio ya kompyuta. Alisema basi yeye naye ametoweka kama wao, na Steven Spielberg akalichukua neno hilo akalitia ndani ya filamu. Lakini hakufukuzwa. Kompyuta ilijua kuchora ngozi. Haikujua mnyama mzito huweka mguu wake vipi. Ikabidi mifupa ya chuma ifungwe vihisio, mafundi waishike kwa mikono kama zamani, na mashine ifuate.

Kisarawe na Kibaha hakukutokea Spielberg wa kuwaita wakongwe. Shule zilifupisha siku za mwali, na hilo si la kulilia: msichana anayesoma ni afadhali kuliko msichana aliyefungiwa miezi mingi gizani. Kibaha yenyewe ni mji wa shule tangu nchi za Nordiki zilipoanzisha huko mradi wa elimu miaka ya 1960, na wanafunzi wake wa sayansi wanasifika. Kinachouma ni kwamba ufundi wa mikono ulihesabiwa kuwa upande wa giza, somo la fizikia upande wa nuru, hali Harryhausen alihitaji vyote viwili kwa siku moja.

Kazi yenyewe haihitaji mali nyingi. Jean-Michel Kibushi wa Kongo alianza na ngano ya Kitetela, akatoa filamu yake fupi mwaka 1991. Leo simu yenye kamera, kigoda cha kuitegemeza na taa moja vyatosha. Sekunde kumi ni picha 240, au 120 kila moja ikitumika mara mbili. Udongo mweupe wa vilima vya Pugu u karibu, lakini chini ya taa hukauka ukapasuka. Mti ni bora. Basi mwanafunzi wa Kibaha akitaka kumleta mgeni kutoka Zuhura ashuke Maneromango, atamwendea mchongaji, na swali la kwanza watakalobishana ni iwapo mwana huyu apewe miguu.