Nilipojifunza kuanza na jike

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka mingi samaki wa madimbwi ya masika sikuwahesabu kuwa samaki. Ngalawa zikirudi na changu na tasi, nani atainama kutazama kitu cha urefu wa kidole ndani ya shimo lililochimbwa kifusi cha barabara? Wazee kwetu husema visamaki hivyo huanguka na mvua. Nami nilihitimu chuo bila mtu kuniuliza vinatoka wapi hasa.

Wanafunzi ndio walionivuta. Masika moja walileta ndoo, maji yake mazito kama chai ya maziwa, na ndani yake madume yenye mikia myekundu yakifukuzana. Nilijua jenasi ni Nothobranchius. Spishi ndiyo iliyonitoa jasho, maana nilikuwa na karatasi ya picha za madume peke yake. Karatasi nyingi ziko hivyo; jike hana rangi ya kuuza, kwa hiyo hapigwi picha.

Kwa karatasi ile, dume wetu alielekea kuwa Nothobranchius guentheri, samaki wa Unguja aliyeelezwa na Mjerumani Georg Pfeffer mwaka 1893. Tukamhamishia kwenye chupa yenye pande bapa, tukaweka karatasi nyeupe nyuma, tukamgeuzia jua la saa nne. Guentheri mkia wake mwekundu umetiwa ukingo mwembamba mweusi. Wa kwetu alikuwa mwekundu hadi ncha. Basi huyo ni Nothobranchius palmqvisti, ambaye Msweden Einar Lönnberg alimweleza mwaka 1907, na ambaye makazi yake ni ukanda huu wa Tanga na kusini mwa pwani ya Kenya. Nikaandika jina ubaoni.

Yakabaki majike. Mengi yalikuwa ya kahawia tupu, lakini baadhi yalikuwa na madoa meusi ubavuni. Wavulana wakataka kuyamwaga.

"Mwalimu, haya yanaumwa."

Siku zile mtafiti mmoja alipita shuleni akielekea Horohoro. Alichungulia ndoo, dume hakumtazama hata kidogo. Akauliza majike yako wapi. Yale yenye madoa, akasema, ni mazima kabisa. Ni Nothobranchius melanospilus, spishi nyingine ya pwani hii, aliyoieleza Pfeffer huyohuyo mwaka 1896. Tukarudi kwenye madume, na kumbe nayo yalikuwa ya namna mbili. Makubwa tuliyodhani yametangulia kukua yalikuwa na ukoo wao. Shimo moja, mvua moja, spishi mbili.

Tangu hapo sianzi na rangi ya dume. Rangi ina hila zake. Nothobranchius furzeri, aliyeelezwa mwaka 1971 kwa samaki wa Gonarezhou, Zimbabwe, ana madume yenye mikia myekundu na mengine ya manjano, na wote ni spishi moja. Jamaa yake wa Msumbiji, Nothobranchius kadleci, alipata jina lake mwaka 2010 tu.

Siku hizi lebo ya darasa langu huanza na mahali, kisha tarehe, kisha majike yalivyo. Jina la spishi huja mwisho. Kipande cha pezi huingia kwenye alkoholi kali, mwili ndio unaweza kwenda kwenye formalini, kwa sababu formalini huharibu DNA na atakayekuja kuichunguza baadaye hatapata kitu. Na tope nalichukulia kuwa ni sehemu ya samaki. Dimbwi likikauka samaki wote waliokomaa hufa, ila mayai hubaki ndani ya ule udongo mweusi wa mbuga, ukuaji wake umesimama, yakingoja maji. Mvua ikinyesha huanguliwa, na katika wiki chache watoto nao wanataga. Hapo ndipo wazee walipopata hadithi yao, na siwalaumu.

Kaka yangu, mwenye kiwanja pembeni, alitaka kulifukia shimo ajenge fremu za duka. Nilimsihi.

"Dada, unalinda tope?"

Upande wa barabarani ameufukia. Upande wa chini umepona, wala si kwa maombi yangu, kifusi kilimwishia.

Mwaka huu binti mmoja wa kidato cha tatu aliniletea chupa kutoka kwenye majaruba ya babu yake, madume matupu, mazuri kweli, akataka jina. Nikamwambia akalete majike. Akajibu kwamba dimbwi limeshakauka. Lebo yake ina kijiji, tarehe na neno Nothobranchius, kisha nafasi wazi. Alinuna, akaniuliza kama anaweza kuandika palmqvisti kwa penseli. Nilikataa.