Mti Mtupu

Jirani yangu wa Kentucky alikuwa na mbwa wa miaka saba aliyeitwa Preacher, yaani Mhubiri, na jina hilo lilimkaa kuliko hata mwenyewe alivyokusudia. Alikuwa mbwa wa kuwindia rakuni, wa mbegu ya Bluetick, mwenye madoadoa ya kibuluu mwili mzima, masikio marefu ya kuning'inia, na sauti nzito ambayo usiku wa baridi ilivuka kilima na kusikika bonde la pili. Kasoro yake ni kwamba alisema sana. Ukimfungua tu kamba, kabla hajanusa hata jani moja, alianza kuhubiri.

Mwaka 2011, majani yalipoanza kupukutika, huyo mzee alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Aliniita kibarazani kwake akanikabidhi kamba ya mbwa. "Mtoe usiku, kijana. Ana mazoea mabaya. Ukiweza kumnyoosha, vema. Ukishindwa, mtafutie mtu, maana sitaki afie kwenye mnyororo nikimtazama." Niliitikia bila kufikiri. Kwetu Njombe nilikua nikifukuza ngedere katika mahindi ya mama pamoja na mbwa wa nyumbani, nikadhani mambo ni yaleyale. Hayakuwa yaleyale hata kidogo.

Rakuni ni mnyama wa usiku, mzito kama kilo tano hadi kumi, mwenye alama nyeusi machoni kama mwizi aliyejifunika uso na mkia wenye pete. Hula karibu kila kitu: kamba wa mtoni, mbegu za mwaloni, mayai, na mahindi mabichi hasa. Unyayo wake katika matope ni kama kiganja cha mtoto mdogo. Miaka ya 1970 ngozi yake ilipanda bei sana, watu wakanunua magari kwa fedha za ngozi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Wengi walioendelea kuwinda waliendelea kwa sababu ya mbwa. Humpandisha rakuni mtini, humwona kwa tochi, humpongeza mbwa, kisha huenda zao na kumwacha rakuni pale juu.

Sasa, ni lazima msomaji aelewe kitu kimoja, ama sivyo atashangaa kwa nini mtu mzima akose usingizi kwa ajili ya kelele za mbwa. Katika uwindaji huu mtu haoni chochote. Mbwa amekwenda gizani, nusu kilomita, kilomita nzima, na wewe umesimama kwenye umande ukisikiliza. Mbwa mwema hunyamaza mpaka apate harufu. Akiipata, hufungua sauti, ndefu, ya kuvuta. Kadiri harufu inavyokuwa mpya ndivyo sauti inavyokaribiana. Akifika mtini huibadili, hukata fupifupi, haraka haraka, na hapo unajua: yuko juu. Sauti hiyo ndiyo barua pekee unayoletewa. Mbwa anayeropoka ni mwandishi wa barua za uongo, na tatizo si uongo wenyewe tu, bali kwamba siku akisema kweli huna njia ya kumjua.

Nilipoanza kutoka naye nikagundua kuwa kasoro hazikuwa moja. Aliropoka, ndiyo. Lakini pia mara nyingi alifuata nyayo upande alikotoka mnyama badala ya alikokwenda. Na mwisho wa safari hiyo alibwekea mti mtupu, kwa imani kubwa, miguu ya mbele juu ya gome, akinitazama kama anayedai mshahara.

Hili la kufuata nyayo kinyume lilinisumbua kichwani. Mwaka 1993 watafiti wa Norway walichapisha walichokiona kwa mbwa wanne wa German Shepherd: mbwa akikutana na nyayo katikati hupunguza mwendo, hunusa nyayo mbili hadi tano kwa sekunde chache, kisha huchagua upande sahihi. Yaani pua inaweza. Ila lazima apunguze mwendo, alinganishe unyayo huu na ule, ajue upi ni mpya zaidi. Preacher hakulinganisha kitu. Aliikuta harufu akaenda upande wowote pua ilikoelekea, akipiga kelele njia nzima.

Kwa nini mbwa wa miaka saba, aliyewahi kuwa mzuri (na mzee aliapa kwamba alikuwa mzuri), afanye hivyo? Ilinichukua majuma kadhaa kupata jibu, na nililipata kwa kuutazama mti. Kulikuwa na mwaloni mmoja mkubwa wenye shimo, ng'ambo ya kijito, ambao Preacher aliupenda mno. Rakuni aliishi mle kweli. Lakini jioni rakuni hutoka shimoni kwenda kula. Mbwa akifunguliwa saa moja usiku kando ya shamba la mahindi, akikosea upande, nyayo zitampeleka nyumbani kwa rakuni wakati mwenye nyumba yuko mezani. Mti unanuka rakuni kuanzia mizizi mpaka matawi, na mbwa anabweka. Mtu anakuja, anamulika tochi, haoni macho yanayong'aa, anaona shimo. Anasema: yumo ndani. Anampigapiga mbwa mbavuni, mbwa mzuri, mbwa mzuri. Shimo huficha uongo wa mbwa na uvivu wa mtu kwa pamoja. Hata katika mashindano ya usiku ya chama cha UKC, mti ambao rakuni haonekani lakini huenda akawa amejificha haumletei mbwa hasara.

Na mzee alikuwa na nyonga mbovu kwa miaka mitatu kabla ya kukatwa. Aliniambia mwenyewe, bila kujua anachoniambia, kwamba siku za mwisho hakuwa akishuka hadi kwenye miti. Alikaa kwenye pikapu na kumpigia kelele za pongezi kutoka barabarani, kisha akamwita kwa honi. Masikio nayo yalikuwa yamepungua. Mbwa akinyamaza, mzee aliingiwa na wasiwasi, akapaza sauti: "Sema nami, Preacher!" Preacher akasema. Sasa nani aliyeropoka?

Sikumwambia. Nilirudi nyumbani nikitafakari kwamba sikuwa nimepewa mbwa aliyeharibika, nilikuwa nimepewa mbwa aliyefundishwa vizuri sana jambo baya.

Kwetu husema samaki mkunje angali mbichi. Nimesikia methali hiyo tangu utotoni na kwa muda mrefu niliiona kama hukumu ya mwisho. Mbwa mzee, hata hivyo, ana kitu ambacho mtoto wa mbwa hana: anaijua kazi. Humfundishi rakuni ni nini. Kinachotakiwa ni kukata malipo ya kazi bandia na kuongeza malipo ya kazi halisi, na kungoja. Kuandika hivyo ni rahisi.

Kwanza nilimtenga na mbwa wengine. Mbwa wakiwa wanne kila mmoja anataka awe wa kwanza kufungua sauti, na mashindano yenyewe huwalea hivyo: wa kwanza kubweka kwenye nyayo hupata pointi 100, wa pili 75, wa tatu 50, wa nne 25. Kisha nilibadili saa. Nilimtoa karibu na usiku wa manane, pembeni mwa mahindi, rakuni wakiwa bado wanakula, ili nyayo mpya zisiwe za kutoka nyumbani. Nilitembea naye kwenye kamba dakika ishirini mpaka pumzi ya msisimko ikatulia. Nikamfungua bila neno, bila kofi la mgongoni. Akibweka hatua hamsini za kwanza, nilimfuata, nikamfunga kamba, tukarudi garini, tukaenda nyumbani. Sikumpiga wala kumkaripia. Uwindaji ulikuwa umekwisha dakika ya nne, baada ya safari ya nusu saa, na mimi asubuhi ninakwenda kazini. Juma la kwanza tuliwinda kwa jumla labda robo saa.

Hapo ndipo nilipokosa subira, na jambo ninalotaka kulisema hasa ni hili. Nilikuwa nimenunua kola ya umeme. Watu wengi wanaitumia, na wapo wanaoitumia kwa busara, hasa kumzuia mbwa asifukuze kulungu hadi barabara kuu akagongwa na gari. Usiku mmoja Preacher alisimama kando ya kijito akabweka pale pale, dakika kumi nzima, bila kusogea. Niliitazama mashine ya setilaiti mkononi: alama yake haikuenda kokote. Nikasema, huyu anaropoka. Nikabonyeza.

Alilia sauti ambayo sijapenda kuikumbuka. Kisha kimya.

Nilipofika nilimulika chini. Katika matope, mbele ya miguu yake, palikuwa na vile viganja vya mtoto, vipya, kingo zake bado zina maji, vikiingia mtoni. Rakuni alikuwa ametembea ndani ya kijito, na harufu ilikatikia ukingoni. Mbwa alikuwa amesimama mahali ambapo ukweli wake uliishia, akijaribu kuupata tena, na ananiambia kwamba uliishia hapo. Ilikuwa barua yake ya kwanza ya kweli tangu nianze naye. Niliijibu kwa umeme.

Usiku nne zilizofuata hakutoka miguuni pangu. Nilimfungua, akakaa. Nilitembea, akatembea nyuma yangu, kichwa chini, bila sauti. Mbwa wa kimya kabisa: ndicho nilichokuwa nimekitaka, ukitaka kulitazama hivyo. Ile kola niliiweka sanduku la vifaa na sikuitoa tena, si kwa kuwa kifaa ni kibaya, bali kwa kuwa sikuwa mtu wa kukishika. Ili kumwadhibu mbwa kwa kubweka uongo lazima ujue, sekunde ileile, kwamba ni uongo. Na mimi nilikuwa mbali mita mia tatu, gizani, nikijidai kujua.

Nilianza upya. Nilimpeleka sehemu nyingine, mbali na ule mwaloni, kwenye bonde ambalo hakulizoea. Nilikwenda naye hatua kwa hatua, nikakaa kwenye gogo, nikaacha akae pembeni hadi achoke kukaa. Usiku wa tano aliondoka mwenyewe. Hakusema neno. Baada ya dakika kumi na tano alifungua sauti mara moja, akanyamaza, akafungua tena mbele zaidi. Nilikuwa nimesimama bila kujitambua.

Na miti nikaiendea yote. Hii ndiyo sehemu inayochosha. Nilipanda vilima kwa magoti, nikavuka miiba, nikazunguka kila mti na tochi tawi kwa tawi. Macho yakionekana, nilimsifu mpaka sauti ikanikauka, na hapo sikuona aibu. Yasipoonekana, sikusema kitu. Nilimfunga kamba na kumwondoa kama vile mti haupo. Kufikia Desemba majani yalikuwa yameanguka, na mti uliokuwa mtupu ulionekana mtupu bila ubishi. Nashauri mtu yeyote asimhukumu mbwa juu ya miti mpaka majani yaanguke. Mimi mwenyewe Oktoba nilikuwa nimemdhulumu mara kadhaa, nina hakika, kwa rakuni waliojilaza nyuma ya majani.

Alianza kufanya jambo ambalo mzee aliniambia alilifanya ujanani: akifika mtini hakubweka papo hapo. Aliuzunguka mti kwanza, duara pana, akinusa ardhi kama rakuni alishuka upande wa pili, maana rakuni ni mjanja, hugusa mti na kuuacha. Akikamilisha duara, ndipo alipoinua kichwa. Kufikia Januari, katika miti kumi nilikuta macho katika saba au nane. Si mbwa wa ajabu. Bado alipenda kuropoka kidogo usiku wenye upepo, na ule mwaloni wenye shimo sikuthubutu kumpitisha karibu.

Februari 2012 mzee alitembea kwa fimbo, akataka kuja. Nilimweka kwenye pikapu, blanketi magotini, kioo kimeshushwa. Nilimfungua Preacher ukingoni mwa kijito, bila neno. Akaenda. Dakika tano, kumi, kumi na tano. Kwenye mashine nilimwona akienda mbele taratibu, akikata kona, akifanya kazi nzuri, kimya, kama nilivyoomba miezi minne. Nilikuwa najivuna kimoyomoyo.

Mzee alianza kujigeuza kitini. "Yuko wapi?" Nikamwambia anatafuta. Akasikiliza, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Nilimwona usoni kwamba kimya kile kwake hakikuwa kazi ya mbwa, kilikuwa masikio yake. Kabla sijasema kitu alitoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Sema nami, Preacher!"

Ng'ambo ya maji, mara moja, Preacher akasema. Sauti ndefu, nzuri, ile ya kuvuka kilima. Nilitazama mashine. Alikuwa amesimama.

"Unamsikia?" mzee akaniuliza. "Ameshampata."

"Namsikia, Mzee," nikamwambia, nikairudisha mashine mfukoni.