Deni la Makaa

Siku ya hitima ya baba yangu, ami yangu alisimama barazani mbele ya watu waliokuja kuhani, akauliza kama yuko mtu anayemdai marehemu. Palikuwa kimya kidogo. Kisha fundi mmoja wa mashua akasema, kwa haya nyingi, kwamba alikuwa akidai ujira wa kazi aliyoifanya miaka minne nyuma, juu ya chombo ambacho kwa wakati ule kilikuwa kimekwisha kuoza. Hapana aliyemwuliza hati. Ami alimhesabia haki yake papo hapo, na kabla ya fedha ile kutoka mkononi, hapana mrithi aliyethubutu kutaja nyumba wala minazi. Ndiyo ada yetu, na ndiyo sheria yetu: deni hulipwa kwanza, mirathi hufuata.

Jambo hili lilinikaa moyoni kwa sababu marehemu mwenyewe alikufa akidai. Shirika alilolitumikia tangu ujana wake lilivunjwa na mali yake ikagawanywa. Kiinua mgongo na pensheni yake vilipotea njiani. Alikwenda ofisi moja, akaambiwa kwamba deni lile limerithiwa na ofisi nyingine. Akaenda ya pili, akarudishwa ya kwanza. Majengo na mitambo vilipata warithi upesi sana. Deni la baba halikupata mrithi.

Nilikuwa na fikira hizo nilipokwenda Marekani kwa masomo ya mwaka mmoja, katika jimbo la West Virginia. Ni nchi ya milima iliyobanana, na chini ya milima hiyo mna makaa ya mawe. Jirani yangu alikuwa mzee aliyechimba makaa kwa miaka mingi. Alikuwa na mrija wa hewa puani, na hata akiwa ameketi alihema kama mtu apandaye kilima. Siku moja, karibu na mwisho wa mwaka 2016, alinionyesha barua. Ilimwarifu kwamba matibabu yake yangekoma tarehe 31 Desemba. Nilitazamia atalalamika juu ya ugonjwa wake. Alisema neno moja tu: "Walituahidi."

Nilitaka kujua ni nani hao walioahidi, nikaenda maktabani. Nilikuta kwamba ahadi ile ina tarehe na ina saini. Mwaka 1946 wachimbaji wa makaa waligoma nchi nzima, na Rais Truman akayatia machimbo mikononi mwa serikali. Tarehe 29 Mei, katika White House, Waziri Julius Krug alitia saini mkataba na kiongozi wa chama cha wachimbaji, John L. Lewis. Kwa mkataba huo, kila tani ya makaa ingetoa senti 5 kwa mfuko wa kuwatunza wachimbaji na watu wao. Basi haikuwa ahadi ya mwenye machimbo pekee. Serikali ilikuwa imeweka mkono wake juu ya karatasi ile.

Mwanadamu aliyeahidiwa huzeeka katika mwili mmoja, wenye jina moja. Kampuni si hivyo. Hubadili jina, huolewa na nyingine, huzaa watoto, hufilisika mbele ya hakimu, kisha huamka asubuhi ikiwa nyepesi. Mwaka 2007 kampuni ya Peabody ilitoa tumboni mwake kampuni mpya iliyoitwa Patriot, ikaikabidhi machimbo kadhaa pamoja na mzigo mkubwa wa matibabu ya wastaafu. Mwaka 2012 Patriot ilifilisika. Watetezi wa wachimbaji walisema kwamba mtoto yule alizaliwa ili afe na madeni hayo. Sisi wa pwani tungeshangaa kumwona mzazi aliye hai akimrithisha mwanawe madeni na kubaki na shamba.

Hapa ndipo ilipo kazi ya mjumbe wa jimbo katika Bunge la taifa, nami nitataja wawili. Wa kwanza ni Jay Rockefeller, kitukuu cha tajiri mashuhuri wa mafuta. Alikwenda West Virginia mwaka 1964 kujitolea katika kijiji kidogo cha Emmons, akabaki, akawa gavana, kisha seneta kuanzia 1985 hadi 2015. Katika siku zake kampuni ya Pittston ilikatiza matibabu ya wastaafu, wajane na vilema wapatao 1,500. Wachimbaji wakagoma tangu Aprili 1989 hata Februari 1990, wakivaa nguo za mabaka kama askari wa msituni. Na mpaka leo wazee hao wakienda mjini Washington huvaa mabaka hayo. Rockefeller alitaka sheria. Jaribio la kwanza lilikuwa ndani ya muswada wa kodi ambao Rais Bush, yule mzee, aliukataa Machi 1992. Akaliingiza tena katika muswada mkubwa wa nishati, nao ukatiwa saini Oktoba mwaka ule ule.

Sheria hiyo niliisoma kwa furaha, kwa kuwa nilimsikia ami yangu ndani yake. Ilisema kwamba kila kampuni iliyowaajiri wazee hawa chini ya mkataba itawalipia matibabu, hata ikiwa imekwisha kuacha biashara ya makaa. Na wazee ambao mwajiri wao amekufa watagawanywa kwa waliobaki. Lakini mwaka 1998 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile, majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba kampuni ya Eastern Enterprises, iliyotoka katika makaa tangu miaka ya 1960, haiwezi kulipishwa mzigo wa zamani kiasi kile. Sikubaliani na wale watano, ingawa naelewa woga wao: sheria inayorudi nyuma ni kisu chenye makali pande mbili.

Wa pili ni Joe Manchin, mwenyeji wa Farmington, mji ambao machimbo yake yalilipuka tarehe 20 Novemba 1968 na kuua watu 78, ami yake akiwa mmojawapo. Huyu naye si malaika. Alipata fedha nyingi kwa biashara ya makaa ya jamaa zake, na wengi walimlaumu kwa hilo, nami siwaoni wamekosea. Lakini Desemba 2016, saa za mwisho kabla ya serikali kukosa idhini ya kutumia fedha, yeye na wenzake wachache walikataa kuuachia upesi muswada wa matumizi. Katika Seneti mambo huenda haraka kwa ridhaa ya wote. Anayenyima ridhaa yake hukawiza wote. Usiku wa tarehe 9 nilikaa na jirani yangu mbele ya televisheni. Muswada ulipita karibu na usiku wa manane, na wazee walipata miezi minne tu. Mimi nilikasirika. Yeye alicheka mpaka akakohoa, akasema kwamba miezi minne ni mingi kwa mtu wa umri wake.

Mei 2017 matibabu ya wastaafu zaidi ya 22,000 yaliwekwa imara. Pensheni zilingoja hata Desemba 2019, baada ya kampuni ya Murray, mchangiaji mkubwa wa mwisho wa mfuko, kufilisika Oktoba. Wastaafu wapatao 92,000 waliokolewa, na wastani wa pensheni yao ulikuwa kama dola 600 kwa mwezi. Fedha ilitoka katika hazina ya taifa. Wapo waliouliza kwa nini mlipa kodi wa mbali alipe deni la kampuni. Swali hilo lina haki yake, na ni kweli kwamba wenye machimbo walipona kwa urahisi mno. Hata hivyo makaa yale yaliyeyusha chuma na kuwasha taa za miji ya nchi nzima. Ukitafuta mtu asiyekula katika shamba lile, utatafuta sana.

Kabla sijaondoka, jirani yangu aliniuliza kama baba yangu alipata haki yake. Nilimweleza. Aliinama akafungua hewa zaidi, wala hakujibu.

Niliporudi nyumbani niliomba mkoba wa ngozi ambamo baba aliweka karatasi zake. Mlikuwa na nakala za barua 31, kwa mwandiko wake mzuri wa karani, kwa mameneja, kwa makatibu, kwa wahasibu. Kwa mbunge wetu haikuwamo hata moja. Mama alisema kwamba aliwahi kumshauri amwendee. Baba alimjibu kwamba hajafikia hali ya kuomba.